Runinga kubwa ya chumbani kwa bei nafuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapotaka kuweka runinga kubwa chumba cha kulala bila kumaliza akiba yake. Ya msingi yako juu, yenye mambo ya pekee yako chini. Kabla ya yote, chumba cha kulala si sebule. Mtazamaji amejilaza, taa zimezimwa, umbali ni mfupi, na mara nyingi kuna mtu pembeni anayetaka kulala. Runinga inayosifiwa kwa sebule yenye madirisha makubwa inaweza isikufae chumbani, na ya bei ya chini iliyochaguliwa kwa kufuata hayo manne ikakutumikia vizuri kwa miaka.

## Ukubwa na umbali

Runinga "kubwa" ya chumbani ni ya inchi ngapi hasa?

Kwa vyumba vingi ni kati ya inchi 43 na 55. Inchi 65 nayo inafaa, mradi ukiwa umeegemea mto macho yako yawe mita 2 au zaidi kutoka kwenye kioo.

Inchi hizo hupimwa kwenye kioo chenyewe kwa mshazari, kutoka kona moja hadi ile ya mkabala, bila kuhesabu fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo kioo cha inchi 55 kina mshazari wa sentimita 140. Huo si upana wake. Upana tumeueleza kwenye swali la nafasi hapa chini.

Nipime umbali kutoka wapi?

Kutoka macho yako yanapokaa, si kutoka ukingo wa kitanda. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu husimama miguuni mwa kitanda, akaona ukuta uko karibu mno, akanunua runinga ndogo. Akijilaza, kichwa kiko mchagoni, karibu mita 2 nyuma ya pale aliposimama, na maandishi ya tafsiri hayasomeki.

Egemea mto kama unavyoegemea usiku. Mwambie mtu avute futikamba kutoka karibu na jicho lako hadi pale kioo kitakapokuwa. Nasema kioo, si ukuta, kwa sababu runinga iliyo juu ya kabati husogea mbele sentimita 20 au 30, na katika chumba kidogo hizo si chache.

Ukipata kipimo, chukua mshazari wa kioo na uzidishe kwa 1.2 upate umbali wa karibu kabisa unaofaa, kisha kwa 1.6 upate umbali wa utulivu. Hesabu hutoka hivi:

- Inchi 43: mita 1.3 hadi 1.75
- Inchi 50: mita 1.5 hadi 2.0
- Inchi 55: mita 1.7 hadi 2.2
- Inchi 65: mita 2.0 hadi 2.6
- Inchi 75: mita 2.3 hadi 3.0

Kwa chumba cha kulala mimi hupendelea umbali mrefu zaidi katika kila mstari. Ule wa karibu hujaza macho kama sinema, jambo zuri kwa filamu moja siku ya mapumziko. Lakini ukiwa umejilaza gizani kila usiku, picha inayochukua sehemu kubwa ya upeo wa macho huchosha mapema.

Chumba changu ni kidogo. Nitajuaje kama itaenea?

Vipimo vya kioo pekee, upana kwa urefu, ni takriban sentimita 95 kwa 54 kwa inchi 43, sentimita 111 kwa 62 kwa inchi 50, sentimita 122 kwa 68 kwa inchi 55, na sentimita 144 kwa 81 kwa inchi 65. Ongeza sentimita chache za fremu.

Kata boksi la karatasi ngumu kwa vipimo hivyo, au bandika utepe wa karatasi wenye gundi ukutani kufuata mstari wake, ulale nalo usiku mbili. Njia hii haina gharama na imewaokoa watu wengi na majuto. Fungua pia mlango wa kabati la nguo na wa chumba uone kama vinagusa.

Ikiwa runinga itakaa juu ya meza au droo, pima miguu yake. Runinga nyingi za sasa zina miguu miwili iliyo mbali, karibu na ncha za kioo. Kabati la upana wa mita 1 linaweza lisiubebe mguu wa pili wa runinga ya inchi 55. Umbali kati ya miguu huandikwa kwenye orodha ya vipimo vya mtengenezaji, na baadhi ya modeli zina matundu ya ziada ya kuisogeza ndani.

Kutazama kioo kikubwa kwa karibu kunaharibu macho?

Hakuharibu jicho moja kwa moja. Huchosha, kwa sababu mtu anayekodolea kioo hupepesa kope mara chache na macho hukauka. Kinachochosha zaidi chumbani ni mwanga mkali katikati ya giza, na hilo linarekebishika. Tazama sehemu ya usiku.

## Kioo na picha

LED, QLED na OLED vinatofautianaje?

LED na QLED ni ndugu. Zote mbili ni kioo cha LCD kisichotoa mwanga chenyewe, ila kina taa za LED nyuma au pembeni. QLED huongeza tabaka la chembe ndogo zinazofanya rangi kuwa safi na nyingi zaidi. Jina linafanana na OLED, lakini teknolojia si moja.

Katika OLED kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha, hujiwakia na kujizima yenyewe, hivyo nyeusi ni nyeusi kweli. Gizani tofauti hiyo huonekana mara moja. Kama bajeti inairuhusu, chumba cha kulala ndicho mahali pake hasa, ila bei yake kwa kawaida huitoa kwenye kundi la "nafuu". Pia ina tabia zinazohitaji uangalifu chumbani. Tazama swali la kulala runinga ikiwa imewaka.

Kwa bajeti ndogo, LED ya kawaida yenye aina sahihi ya kioo inatosha. Swali linalofuata ndilo muhimu kuliko yote katika sehemu hii.

Nimesikia kuna vioo vya VA na vya IPS. Kipi kinafaa chumbani?

Herufi hizi kwa kawaida haziandikwi kwenye boksi, lakini zinaamua picha yako ya usiku kuliko maneno yote yaliyoandikwa kwa wino wa dhahabu.

Kioo cha VA huzuia vizuri mwanga wa taa za nyuma, kwa hiyo sehemu zenye giza hubaki na giza. Uwiano wake kati ya nyeupe na nyeusi huwa 3000 kwa 1 au zaidi. Udhaifu wake ni pembe: ukikitazama kwa upande, rangi hufifia. Kioo cha IPS ni kinyume chake. Rangi hazibadiliki sana ukitazama kwa pembeni, lakini uwiano wake ni karibu 1000 kwa 1, na gizani nyeusi huonekana kama kijivu cha moshi. Mchana sebuleni huenda usiligundue hilo. Usiku chumbani utaliona kila filamu inapokuwa na mandhari ya giza.

Watu wengi husema, "Tunalala wawili, basi tunahitaji IPS kwa sababu ya pembe." Hebu tupige hesabu. Runinga iko mbele ya katikati ya kitanda, umbali wa mita 2.2. Kila mmoja amelala kama sentimita 45 kutoka katikati. Pembe ya kila mmoja ni digrii 12 tu, na VA haisumbuki kwa pembe hiyo. Sasa chukua runinga iliyotundikwa juu, katikati yake ikiwa mita 1.6 kutoka sakafuni, na macho yako yakiwa sentimita 80. Pembe ya kutoka chini ni digrii 20. Kwa maneno mengine, kutundika juu bila kuinamisha kunaharibu picha kuliko kulala wawili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni VA kwa runinga iliyo mbele ya kitanda. Chagua IPS ikiwa runinga itakaa kwenye kona au ukuta wa pembeni, mahali utakapoitazama kwa mshazari kila siku.

Kuitambua dukani, simama mbele kisha sogea pembeni hatua tatu huku ukitazama uso wa mtu kwenye picha. Ukipauka waziwazi, kioo huenda ni VA. Usidhani kwamba modeli moja ina kioo kimoja: mtengenezaji anaweza kutumia VA kwenye inchi 55 na IPS kwenye inchi 43 za jina lile lile.

Je, ni lazima iwe 4K?

Kuanzia inchi 50 kwenda juu karibu zote ni 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, kwa hiyo swali hujijibu. Kwa inchi 43 bado zipo za Full HD, yaani pikseli 1920 kwa 1080. Ukiwa mita 2.2 kutoka kioo cha inchi 43, jicho la kawaida halitofautishi Full HD na 4K. Kama pengo la bei ni kubwa, chukua Full HD yenye kioo kizuri bila wasiwasi. 8K, yenye pikseli nyingi zaidi, iache kabisa.

HDR ina maana kwa runinga ya bei ya chini?

Ina maana ndogo. HDR hubeba mwanga mkali na giza zito katika picha moja, na ili kuionyesha runinga huhitaji mwanga wa kutosha pamoja na uwezo wa kuzima taa za nyuma kwa maeneo. Runinga nyingi za bei ya chini hutoa niti (kipimo cha mwangaza) 250 hadi 350, na taa zao huwaka zote kwa pamoja. Zinausoma ujumbe wa HDR ila haziwezi kuutimiza, na wakati mwingine picha hutoka na giza kuliko ile ya kawaida. Ikitokea hivyo, zima HDR kwenye mipangilio ya kifaa unachotumia.

Lakini mwanga huo mdogo si kasoro kubwa chumbani. Picha za kawaida zisizo za HDR husahihishwa rangi studioni kwenye chumba chenye mwanga hafifu, kwa kiwango cha niti 100. Chumba chako usiku kinafanana na studio ile kuliko sebule yoyote. Usilipie mwanga wa niti 1000 ambao utaupunguza siku ya kwanza.

Hezi 60 au hezi 120?

Hezi ni mara ambazo kioo hubadilisha picha kwa sekunde. Hezi 60 zinatosha kwa filamu, tamthilia na mpira. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na matangazo ya mpira huwa 50 au 60. Hezi 120 zina faida ya kweli kwa anayecheza michezo kwa PlayStation 5 au Xbox Series X, na hapo runinga iwe pia na tundu la kuchomekea vifaa la toleo la HDMI 2.1.

Jihadhari na namba kama 200 au 800 zilizoambatana na neno la kibiashara la mwendo wa picha. Hizo si hezi za kioo. Tafuta mstari unaotaja hezi halisi kwenye vipimo.

## Pesa iende wapi

Bajeti ni ndogo. Nilipie nini na niache nini?

Lipia kioo kwanza. Katika bei moja, mara nyingi utakuta inchi 55 yenye kioo hafifu na inchi 50 yenye kioo bora. Chumbani mimi ningechukua ya 50. Inchi tano utazizoea ndani ya wiki, lakini kijivu mahali pa nyeusi hakizoeleki.

Cha pili ni taa za nyuma zinazozimika kwa maeneo, kama utazipata ndani ya bajeti. Zinapokuwepo, nyota angani hubaki nyota na anga hubaki nyeusi. Cha tatu ni waranti ya mtengenezaji iliyo na fundi unayeweza kumfikia.

Acha spika za wati nyingi, acha kioo kilichopinda, acha fremu ya chuma. Na usilipie sana mfumo wa runinga janja, kwa sababu ndiyo sehemu inayozeeka mapema na inayobadilika kirahisi kwa kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI.

Nisubiri modeli mpya au ninunue ya mwaka jana?

Ya mwaka jana. Watengenezaji wakubwa hutangaza modeli mpya mwezi Januari katika maonyesho ya CES mjini Las Vegas, nazo huanza kufika madukani miezi inayofuata. Za zamani hushuka bei wakati huo, na kwenye kundi la bei ya chini tofauti kati ya mwaka na mwaka mara nyingi ni jina tu. Andika namba kamili ya modeli pamoja na herufi za mwisho, kwa sababu herufi moja inaweza kuwa runinga tofauti.

Boksi limeandikwa 4K lakini bei ni ya chini mno. Nitaaminije?

Soma neno linaloizunguka 4K. Zipo runinga ambazo boksi husema "inapokea 4K", maana yake mfumo wake unaweza kufungua video ya 4K kisha kuipunguza iingie kwenye kioo cha pikseli 1366 kwa 768. Kilicho cha kweli ni mstari wa pikseli za kioo: 3840 kwa 2160. Mstari huo usipokuwepo kwenye boksi, kwenye kitabu, wala kwenye ukurasa wa mtengenezaji, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Hata neno Android lina mitego yake. Mfumo wa Android unaweza kuwekwa bila idhini ya Google, na runinga ya namna hiyo huonyesha alama zinazofanana lakini Netflix hugoma au hucheza kwa ubora wa chini. Omba iwashwe, ingia kwenye duka la programu, na ufungue programu unazotumia wewe.

## Kuiweka na kuitundika

Niitundike kwa urefu gani?

Chini kuliko unavyofikiri. Ukiegemea mto, macho yako huwa takriban sentimita 80 hadi 100 kutoka sakafuni, kutegemea urefu wa kitanda. Katikati ya kioo pakae juu kidogo ya hapo. Kuweka runinga karibu na dari kunafaa mahali ambapo watu husimama mbele yake, si mbele ya kitanda.

Kama kuna kabati chini yake au ubao wa miguuni mwa kitanda unakatiza, panda juu ila tumia breketi inayoinama, uelekeze kioo kwenye mto. Digrii 10 hadi 15 za mwinamo zinarudisha rangi (sababu iko kwenye swali la VA na IPS) na zinaiokoa shingo.

Breketi gani, na ukuta wangu utaibeba?

Nyuma ya runinga kuna matundu manne, na umbali kati yake hufuata kipimo kiitwacho VESA, kinachoandikwa kwa milimita kama 200 kwa 200 au 400 kwa 300. Breketi lazima ikubali kipimo hicho na uzito pia. Runinga ya inchi 55 bila miguu huwa kati ya kilo 12 na 18, ya 65 mara nyingi huwa karibu kilo 20 au zaidi.

Ukuta wa zege au tofali imara hauna shida ukitumia nanga na skrubu zinazolingana. Ukuta wa jasi hauibebi kwa jasi yenyewe. Skrubu ziingie kwenye miti au vyuma vilivyo nyuma yake. Mkono mrefu wa kuvuta runinga mbele huongeza sana nguvu inayovuta ukuta, kwa hiyo kwenye ukuta dhaifu tumia breketi fupi.

Nina watoto wanaoingia chumbani. Isimame juu ya droo?

Ikisimama, ifungwe. Mtoto huvuta droo, akaipanda kama ngazi, na runinga humwangukia. Ajali hii huua, na kinga yake ni mkanda wa kuifunga ukutani kwa kutumia matundu ya VESA, pamoja na droo yenyewe kufungwa ukutani. Hili naomba usiliahirishe.

## Usiku: mwanga, sauti na usingizi

Mwangaza unaumiza macho nikizima taa. Nirekebishe nini?

Runinga hutoka kiwandani ikiwa imepangwa kung'aa dukani. Badilisha kwanza hali ya picha iwe ya filamu au sinema. Kisha punguza mwanga wa taa za nyuma, ambao kwenye menyu nyingi una jina lake tofauti na mwangaza wa picha. Ukipunguza mwangaza wa picha badala ya taa, unayameza maelezo ya sehemu zenye giza na macho yanaendelea kuumia. Chagua rangi ya joto. Siku mbili za kwanza utaiona ya njano, kisha utashangaa uliwezaje kuvumilia ile ya bluu.

Taa ndogo ya manjano nyuma ya runinga, ikimulika ukuta, husaidia zaidi. Jicho halilazimiki kuruka kutoka giza totoro hadi mwanga mkali.

Faida ya ziada: taa za nyuma ndizo huharibika kwanza kwenye runinga za LED za bei ya chini. Dalili ni sauti kusikika na picha kuwa giza, nzima au nusu. Kuziendesha kwa nguvu ndogo huzirefushia maisha.

Runinga chumbani inaharibu usingizi?

Mwanga wa usiku, hasa wenye bluu nyingi, huchelewesha homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala, na kipindi kinachosisimua hufanya vivyo hivyo hata bila mwanga. Mipangilio ya swali lililotangulia hupunguza la kwanza. Kwa la pili, weka kipima muda cha kujizima, dakika 30 au 60, na uzime uchezaji wa kipindi kinachofuata peke yake. Ukiwa tayari una tatizo la kukosa usingizi, runinga ibaki sebuleni hadi lipone.

Huwa nalala runinga ikiwa imewaka. Kuna madhara?

Kwa LED, ni umeme na taa zinazochakaa. Kwa OLED ni zaidi: menyu iliyobaki imesimama hadi asubuhi, kila usiku, inaweza kuacha kivuli cha kudumu kwenye kioo. OLED pia hujisafisha pikseli ikiwa imezimwa kwa rimoti, hivyo ukizoea kukata umeme ukutani mara tu baada ya kuzima unaizuia kufanya kazi hiyo. Mtu mwenye mazoea haya inamfaa LED.

Nitasikilizaje bila kumwamsha mwenzangu?

Hedifoni za Bluetooth ndizo rahisi, ila hakikisha runinga inatuma sauti kwa Bluetooth. Zipo zinazotumia Bluetooth kwa rimoti tu. Sauti ikichelewa nyuma ya midomo, tafuta mpangilio wa kulinganisha sauti kwenye menyu. Tundu la hedifoni la waya limeondolewa kwenye modeli nyingi, kwa hiyo kama unalitegemea liangalie kabla ya kulipa.

Bila hedifoni, washa hali ya usiku ya sauti. Hupunguza milipuko na kuinua mazungumzo, na hiyo peke yake humaliza tabia ya kushika rimoti filamu nzima.

Nahitaji saundbaa (spika ndefu ya kuweka chini ya runinga)?

Chumbani mara nyingi hapana. Umbali ni mfupi na sauti ni ndogo. Ukinunua, iwe fupi, ichomekwe kwenye HDMI yenye alama ya ARC au eARC, tundu linalotoa sauti ya runinga kwenda kwenye spika, ili rimoti moja iongoze vyote.

## Intaneti na faragha

Intaneti yangu ina kasi ya kutosha?

Netflix inapendekeza megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K na megabiti 5 kwa Full HD. Pima kasi ukiwa chumbani kwa simu, mlango ukiwa umefungwa, si pale ruta ilipo. Ukuta mbili za zege hupunguza Wi-Fi sana. Kama unatumia bando la kuhesabu, punguza ubora wa video kwenye programu. Kwa inchi 43 hutaona hasara.

Runinga inaweza kunisikiliza au kunifuatilia nikiwa chumbani?

Kamera ni nadra, lakini maikrofoni huwa kwenye rimoti nyingi na kwenye baadhi ya runinga zenyewe. Kinachofanyika kimyakimya zaidi ni runinga kutambua unachotazama na kutuma taarifa hizo. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 nchini Marekani baada ya kudaiwa kukusanya taarifa za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila idhini ya wenye nazo.

Siku ya kuiwasha mara ya kwanza, usibonyeze "kubali" mfululizo. Kataa utambuzi wa vipindi na matangazo yanayokulenga; runinga itafanya kazi bila hayo. Ukitaka utulivu kamili, usiiunganishe na intaneti kabisa na utumie kifaa cha nje unachokiamini.

## Umeme

Itakula umeme kiasi gani?

Inchi 55 ya LED hutumia takriban wati 80 hadi 120. Kwa wati 100 na saa 4 kwa siku, ni uniti 0.4 kwa siku, kama uniti 12 kwa mwezi. Ukipunguza taa za nyuma matumizi hushuka waziwazi. Ikiwa imezimwa kwa rimoti, nyingi hutumia kama nusu wati, isipokuwa umewasha hali ya kuamka haraka.

Ninunue stabilaiza?

Tazama kibandiko cha nyuma. Kikisema volti 100 hadi 240, umeme kupungua hakutaisumbua. Kinachoua ni msukumo wa ghafla wa umeme unaporudi au radi inapopiga. Kwa hilo nunua kizuia msukumo cha kuaminika, na wakati wa radi chomoa plagi pamoja na waya wa antena. Wengi husahau huo wa antena.

## Hali za pekee

Iliyotumika inafaa?

Inafaa ukiikagua gizani. Fungua picha tupu ya nyeusi utazame mwanga unaovuja kwenye kona, kisha nyeupe, nyekundu, kijani na bluu ukitafuta pikseli zilizokufa. Malizia na kijivu, ambacho hufichua madoa na vivuli vilivyoganda. Iache iwake nusu saa. Taa za nyuma zinazougua huwa nzima dakika kumi za kwanza.

Kioo kilichopasuka usikinunue kwa matumaini ya kukibadilisha. Kioo ndicho sehemu kubwa ya gharama ya runinga, na matengenezo hukaribia bei ya mpya. Taa za nyuma, kinyume chake, fundi mzuri hubadilisha.

Projekta si bora kwa chumba chenye giza?

Giza ni upande wake mzuri, na inchi 80 hutoka kwenye kifaa kidogo. Lakini feni yake husikika kwenye ukimya wa usiku, huhitaji mahali pa kusimama nyuma au juu ya kitanda, na mchana bila pazia nzito haionekani. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi hupokea Full HD na kuonyesha chini yake, mtego ule ule wa boksi la 4K. Anayetazama filamu za usiku pekee aifikirie. Anayetazama habari asubuhi abaki na runinga.

Nina runinga nyingine ya chapa hiyo hiyo sebuleni. Rimoti zitagongana?

Za miale isiyoonekana (infrared) huweza kugongana kama mlango uko wazi na zinaonana. Chumba tofauti na ukuta katikati humaliza tatizo.

Nimeshainunua. Niisafirishe hadi nyumbani na kuifungua vipi?

Isafiri imesimama, kamwe isilazwe, kwa sababu ikilala kioo hubeba mitikisiko kwa katikati yake. Iinuliwe na watu wawili, mikono ikishika chini na pembeni, vidole visiuguse uso wa kioo. Ikiwa imetoka kwenye baridi kwenda kwenye joto, isubiri saa chache kabla ya kuwashwa ili unyevu ukauke. Kifute kwa kitambaa laini kikavu, bila spiriti wala dawa ya vioo. Boksi na povu zake uzihifadhi hadi muda wa kurudisha bidhaa dukani upite, na jaribio la gizani tulilolieleza kwenye swali la iliyotumika ulifanye usiku huo huo wa kwanza, wakati risiti bado iko mkononi.